Gus Risman na miaka sita ya vita: dhana potofu na ukweli

Gus Risman, mchezaji wa raga, alizaliwa Wales mwaka 1911, akaanza kuichezea klabu ya Salford, Uingereza, mwaka 1929. Raga yake ilikuwa ya wachezaji 13 kila upande, ile iliyozaliwa Huddersfield mwaka 1895 kwa kujitenga na raga ya wachezaji 15, baada ya ugomvi wa kuwalipa wachezaji. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza alikuwa na miaka 28. Vilipokwisha, 34.

Dhana: Uingereza ilipokuwa vitani, raga ilisimama.
Ukweli: Ilipungua, haikusimama. Klabu ziliazimana wachezaji, na askari aliye karibu na uwanja fulani aliweza kucheza kama mgeni.

Dhana: Mchezaji wa raga ya 13 aliweza kuhamia ya 15 apendapo.
Ukweli: Hapa ndipo watu wengi hukosea, na mimi naona ni dhuluma isiyostahili kusahauliwa. Aliyepokea malipo katika raga ya 13 alifungiwa maisha na wakuu wa raga ya 15. Vita ndivyo vilivyoufungua mlango huo, tena kwa timu za majeshi tu. Risman, aliyekuwa amefungiwa tangu ujana wake, akavaa jezi ya Wales katika raga ya 15. Mwaka 1944, kwenye uwanja wa Odsal mjini Bradford, wanajeshi wa raga ya 13 waliwakabili wenzao wa raga ya 15 kwa sheria za hao wa 15, wakawashinda 15 kwa 10. Amani iliporudi, marufuku nayo ikarudi, na mechi zile za Wales hazikuhesabiwa kuwa za kimataifa rasmi.

Dhana: Vita vilimmaliza Risman.
Ukweli: Vilimnyang'anya miaka ambayo mwili wa mchezaji huwa umekomaa, hilo halikanushiki. Lakini mwaka 1946 aliiongoza Uingereza kwenda Australia. Meli za abiria zilikuwa adimu, wakapanda HMS Indomitable, manowari ya kubebea ndege. Mechi ya kwanza dhidi ya Australia ilikwisha 8 kwa 8, mbili zilizofuata wakashinda. Mwaka huohuo akajiunga na Workington Town, klabu changa, akiwa mchezaji na kocha. Ubingwa wa ligi ya raga ya 13 ukaja 1951. Aprili 1952, akiwa na miaka 41, aliwaongoza vijana wake uwanjani Wembley, wakaifunga Featherstone Rovers 18 kwa 10 na kutwaa Kombe la Challenge, kombe la mtoano la raga ya 13. Aliendelea kucheza hadi 1954.