Baiskeli ya magurudumu matatu "iliyotulia" ni ipi?

Muuzaji atakwambia haianguki. Ikiwa imesimama, ni kweli: huweki mguu chini wala hushiki ukuta, unakaa tu kama chungu juu ya mafiga. Na kama mafiga, vituo vitatu hukaa imara hata ardhi ikiwa na mabonde, wakati meza ya miguu minne ingecheza. Ndiyo maana inawafaa wazee na wenye shida ya kujisawazisha. Ila kutulia ukiwa umesimama na kutulia kwenye kona ni mambo mawili.

Baiskeli ya kawaida ikikata kona hulala pamoja na anayeiendesha. Hii hailali. Inabaki wima, na mwili wako unavutwa nje. Unganisha kwa mistari sehemu tatu ambazo matairi yanagusa ardhi, utapata pembetatu. Uzito ukielemea nje ya pembetatu hiyo, gurudumu la ndani linanyanyuka. Utulivu, basi, ni upana wa pembetatu ukilinganishwa na kimo cha uzito.

Chukua baiskeli ambayo magurudumu ya nyuma yameachana sentimita 70, na kitovu cha uzito, yaani wewe na chombo pamoja, kiko sentimita 90 kutoka chini, theluthi moja ya njia kutoka ekseli ya nyuma kwenda gurudumu la mbele. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 4 itaanza kunyanyuka ukifika kilomita 11 au 12 kwa saa. Huo ni mwendo wa kwenda dukani! Shusha kitovu hadi sentimita 45, kama kwenye zile za kukalia chini miguu ikitangulia mbele, na kona ileile utaihimili mpaka kilomita 16 hivi.

Mwendesha guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, wa Dar es Salaam anayajua haya bila hesabu. Mtazame akiwa amepanga madumu ya maji: akikaribia kona anapunguza mpaka karibu asimame. Nawe ukibeba mzigo, uweke chini, karibu na ekseli ya nyuma.

Hapa ndipo starehe inapogombana na utulivu. Siti iliyo juu ni rahisi kuikalia, lakini inapandisha uzito. Egemeo la mgongo ni raha kwenye barabara iliyonyooka, ila likikubana unashindwa kuinamia ndani ya kona, na kuinama huko ndiko kunakookoa. Mimi ningechagua fremu iliyoshuka katikati, nisilazimike kunyanyua mguu sana, na siti ya kimo kinachoacha goti likunjwe kidogo tu pedeli ikiwa chini kabisa. Matairi manene nayo yanasaidia kupunguza mitikisiko: kwa njia tatu za magurudumu badala ya moja, shimo ukilikwepa kwa tairi la mbele utalikuta kwa la nyuma.

Ulizia pia difu, yaani gia inayoyaacha magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa kasi tofauti. Kwenye kona gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani, kwa hiyo ekseli inayoyafunga yote mawili hufanya baiskeli igome kukata. James Starley wa Coventry, Uingereza, alitatua hilo mwaka 1877 kwa difu ya baiskeli ya magurudumu matatu, kabla magari ya petroli hayajaanza kuitumia. Nyingi za bei nafuu hazina difu; zinasukuma gurudumu moja tu, nalo lingine linazunguka huru. Si vibaya kwa tambarare. Kuijua ile yenye ekseli inayoyafunga yote mawili, isukume kwa mkono kwenye mduara mdogo usikilize kama tairi linakwaruza chini.

Kisha ijaribu barabarani, si dukani. Barabara nyingi za lami zimeinuka katikati, na chombo hiki hufuata mteremko: kwetu tunaopita kushoto, kitakuvuta mtaroni, na mikono itachoka kukizuia. Mwisho simamisha kwenye kilima kidogo ukae. Isipokuwa na breki ya kuegesha, itarudi nyuma kabla makalio hayajafika kwenye siti.