Sailensi kwenye gari iliyofungwa EFI: soma namba ya IAC kwanza

Waliotoa kabureta wakafunga EFI ya kununua (mfumo wa kompyuta wa kupuliza mafuta) wengi wanalia na kitu kimoja, gari inawaka poa na inatembea poa, ila ukiachia pedali RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inapanda inashuka au inazima kabisa, halafu wanakimbilia laptop kuongeza mafuta. Jamani, sailensi, yaani injini kunguruma bila kukanyaga mafuta, kwanza ni hewa. Mguu ukitoka kwenye pedali, sahani ya troto inakuwa imeziba karibu yote, hewa inapita kwenye upenyo mdogo unaopangwa na skrubu, na kwenye kanjia ka pembeni kanakofunguliwa na kufungwa na kimota, hicho ndo IAC. Kompyuta ikitaka RPM 800 inacheza na hicho kimota, mafuta yanafuata hewa.

Ndo maana kabla ya kugusa chochote, angalia IAC iko asilimia ngapi injini ikiwa imeshapata moto kabisa na gia iko nyutro. Mifumo mingi ya troto bodi inataka namba ndogo, 2 mpaka 10 hivi. Ukikuta 40 na kuendelea, sahani imefungwa mno, na akiba ya kuwasha injini ya baridi au kubeba AC imepungua, kwa hiyo zungusha skrubu robo mzunguko ili sahani ifunguke kidogo, subiri itulie, utaona namba inashuka yenyewe. Ukimaliza zima swichi uwashe tena uhakikishe TPS (sensa ya nafasi ya troto) inasoma 0, maana ikisoma hata asilimia chache kompyuta inaweza kudhani umekanyaga mafuta, ikaacha kabisa kushughulika na sailensi.

IAC ikiwa 0 na RPM bado iko juu, kuna hewa inaingia bila ruhusa. Ama skrubu imefungua sahani mno, ama kuna liki ya vakyumu, na hapa ndo watu wanapotea njia. EFI hizi nyingi zinapima presha ya ndani ya manifoldi kwa sensa ya MAP, hazipimi hewa inayoingia, hivyo hewa ya liki nayo inaonekana kama presha na inapewa mafuta yake, matokeo yake injini haidhoofiki, inapanda resi. Chukua koleo, bana mipira ya vakyumu mmoja mmoja, anza na ule mnene wa buster ya breki, ukibana RPM ikashuka umeshampata mwizi. Gasketi ya chini ya troto bodi huwezi kuibana, puliza maji kidogo kidogo kuizunguka usikilize kama mlio unabadilika.

Skrini ikisema mafuta ni kidogo huku plagi nyeusi na petroli inanuka, usiiamini hiyo skrini. Sensa ya oksijeni inasoma oksijeni tu, kwa hiyo eksozi ikivuja kabla ya sensa au silinda moja ikimisi, hewa mbichi inaifikia na kompyuta inazidi kumwaga mafuta. Kemu kubwa (kemushafti inayofungua valvu kwa muda mrefu) nayo inaleta hivyohivyo, pamoja na MAP inayotikisika, hapo kung'ang'ania uwiano wa hewa kwa mafuta wa 14.7 ni kuitesa injini, wengi wanalenga 13 na kitu. Na kama kompyuta ilijifunza yenyewe kiasi cha mafuta wakati liki ipo, ziba liki kisha ufute ilichojifunza, ianze upya injini ikiwa ya moto.

Umeme usiusahau. Waya za nguvu za kompyuta ziende moja kwa moja kwenye betri, na waya za plagi ziwe zile zenye ukinzani, zikae mbali na waya za sensa. Ukiona RPM kwenye skrini inaruka ghafla mpaka 3000 huku injini inanguruma vilevile, hilo ni kelele la umeme, hata ukizungusha skrubu mpaka kesho haliondoki.