Maridhiano si ya wakubwa wawili

Ule ujumbe umerudi tena kwenye makundi: eti serikali ya umoja wa kitaifa Zanzibar, ile ya vyama hasimu kutawala pamoja, ni mapatano ya wakubwa wawili, wakikosana basi. Sivyo. Wananchi waliipigia kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, na theluthi mbili hivi ya waliopiga wakaikubali. Imo katika Katiba ya Zanzibar. Fungua marekebisho ya 2010 usome mwenyewe. Kinachowachanganya wengi ni 2016 hadi 2020, kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais, cha chama kilichoshika nafasi ya pili, kilipokuwa wazi. Kiti kilikosa mtu, sheria haikufutwa.

Sisi wa Pemba tunajua kususiana kwa ajili ya vyama kulivyofika dukani na mazikoni, jirani asilishike jeneza la jirani. Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.