Je, wajua kwa nini maandishi ya kompyuta huingia ukungu ukibadilisha rezolusheni?

Ukipita kwenye sekretaria za Lubumbashi, yaani vibanda vya kuchapa maandishi kwa kompyuta, zile za njia ya Kasapa ambako wanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, huchapisha kazi zao za mwisho wa masomo, au zile za katikati ya mji, utasikia lalamiko hili: “Fundi, ekra iliharibika.” Mara nyingi ekra, yaani skrini, ni nzima. Mtu alitaka herufi kubwa ili macho yapumzike, akafungua mipangilio, akashusha rezolusheni, na herufi zikakua kweli. Ila zilikuja na ukungu, kingo zake zikawa za kijivu, nyuso kwenye picha zikanenepa. Jioni kichwa kinauma, na mtu anaanza kutafuta pesa ya kununua skrini nyingine asiyoihitaji. Jambo hili linaniuma, kwa sababu tiba yake ni ya bure na haimalizi hata dakika tano.

Mipangilio ya kompyuta huweka vitu viwili jirani, na ujirani huo unawachanganya watu wengi. Cha kwanza ni rezolusheni, yaani idadi ya vidoti, au pikseli, ambazo kompyuta inatumia kuchora picha nzima. Cha pili ni ukubwa wa vitu vyenyewe: herufi, aikoni, menyu, madirisha. Kwenye Windows ya Kifaransa, ambayo ndiyo tunayokutana nayo zaidi hapa mjini, hiki cha pili kinaitwa “mise à l'échelle”. Anayetaka herufi kubwa anahitaji cha pili, lakini mkono wake huenda kwenye cha kwanza.

Sasa, kwa nini kushusha rezolusheni kunaleta ukungu? Skrini bapa, ya laptopu au ya mezani, hutoka kiwandani ikiwa na idadi ya pikseli isiyobadilika. Laptopu nyingi za bei nafuu zina pikseli 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, jumla 1,049,088. Zilizo bora zaidi zina 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600. Ichukulie kama sakafu ya vigae: saruji ikishakauka, huwezi kuiambia sakafu iwe na vigae pungufu. Unachoweza ni kuamua rangi ya kila kigae, na kigae kimoja kinapokea rangi moja tu.

Chukua skrini ya 1920 kwa 1080 na uiagize ionyeshe 1280 kwa 720. Gawanya 1920 kwa 1280, unapata 1.5. Maana yake kila pikseli mbili za picha lazima zienee juu ya pikseli tatu za skrini. Mguu wa herufi “l” uliokuwa na upana wa pikseli moja sasa unadai pikseli moja na nusu, na nusu ya pikseli haipo. Basi skrini inafanya inaloweza: pikseli moja inakuwa nyeusi, na ya jirani inapewa mchanganyiko wa weusi wa herufi na weupe wa karatasi. Huo ndio ukijivu unaouona kwenye kingo. Ukichagua 1366 kwa 768 kwenye skrini hiyohiyo mambo yanazidi kuwa mabaya, kwa sababu uwiano unakuwa kama 1.406. Katika mstari mmoja wa maandishi, herufi moja itaangukia vizuri kwenye pikseli zake na inayofuata itaangukia katikati, kwa hiyo jicho linarekebisha na kurekebisha tena bila kupumzika. Anayechapa kurasa themanini za mémoire, ile kazi ya mwisho wa masomo, ya mtu mwingine anayabeba hayo siku nzima.

Kuna jambo dogo zaidi ndani yake. Kila pikseli ya skrini bapa ina vipande vitatu: chekundu, cha kijani na cha buluu. Teknolojia ya ClearType, ambayo Microsoft iliitangaza mwaka 1998 na kuiweka ndani ya Windows XP mwaka 2001, hutumia vipande hivyo kimoja kimoja ili kingo za herufi zitoke laini. Hesabu yake inategemea kujua hasa kila kipande kiko wapi. Picha ikishavutwa ili ijae skrini, hesabu hiyo inavurugika, na ndiyo maana wakati mwingine unaona kivuli chembamba cha rangi pembeni mwa herufi nyeusi.

Wazee waliojifunza kompyuta katika miaka ya 1990 watasema kwamba wao walishusha rezolusheni na hakuna lililoharibika. Wana haki kabisa. Skrini zile nene zenye mgongo zilichora picha kwa mwale wa elektroni uliopita mstari kwa mstari juu ya kioo, na mwale ungeweza kuchora mistari michache au mingi, 640 kwa 480 au 1024 kwa 768, bila tofauti kubwa ya usafi. Ushauri wa “macho yakichoka, shusha rezolusheni” ulikuwa ushauri mzuri kwa skrini hizo. Skrini zimeondoka, ushauri umebaki, na bado unapokezanwa kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi wake.

Na kwa nini herufi ni ndogo hivyo tangu mwanzo? Hapa kuna namba moja ya kukumbuka: 96. Macintosh ya kwanza, mwaka 1984, ilihesabu pikseli 72 kwa kila inchi. Windows ilichagua 96, theluthi moja zaidi, kwa kuwa mtu hukaa mbali na skrini kuliko anavyoshika karatasi. Mpaka leo, Windows ikiandika 100 %, inamaanisha pikseli 96 kwa inchi. 125 % ni 120, 150 % ni 144, na 200 % ni 192. Zile skrini za inchi 17 zenye umbo karibu la mraba, za 1280 kwa 1024, ambazo bado zinafanya kazi kwenye sekretaria nyingi, zina pikseli 96 kwa inchi karibu kamili. Kwa hiyo kwenye 100 % kila kitu kilionekana kwa ukubwa uliokusudiwa. Laptopu ya inchi 14 yenye 1920 kwa 1080 ina pikseli 157 kwa inchi. Kwenye 100 %, herufi yake inabaki na takriban asilimia 61 tu ya ukubwa huo. Macho yako hayakosei yakilalamika.

Kwa hiyo fanya hivi. Bofya kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu kwenye skrini ya mwanzo, chagua “Paramètres d'affichage”, na kwenye rezolusheni rudisha ile iliyoandikwa “recommandé” pembeni. Karibu kila mara hiyo ndiyo idadi halisi ya pikseli za skrini yako. Kisha nenda kwenye “mise à l'échelle” na uchague 125 % au 150 %. Kwa inchi 14 ya 1920 kwa 1080 mimi napendekeza 150 %. Kwa inchi 15.6, 125 % inawatosha wengi. Herufi zitakua na zitabaki safi, kwa sababu herufi za kisasa zimehifadhiwa kama mistari na mikunjo, na kompyuta inazichora upya kwa pikseli nyingi zaidi badala ya kuvuta picha iliyokwisha chorwa. Baada ya hapo, toka kwenye akaunti yako na uingie tena. Watu wengi wanaruka hatua hii, kumbe programu nyingi husoma kipimo hiki mara moja tu zinapofunguliwa, na zile zilizokuwa wazi zinaendelea na kipimo cha zamani.

Wanaotumia Ubuntu watakuta 100 % na 200 % kwenye sehemu ya skrini ndani ya mipangilio, na kitufe cha kuruhusu vipimo vya katikati kama 125 %. Kwenye mashini dhaifu vipimo hivyo vya katikati vinaweza kuongeza kazi ya kadi ya picha, kwa hiyo jaribu kwanza kukuza maandishi peke yake.

Itabaki programu moja au mbili zenye ukungu, hasa zile za zamani za uhasibu. Sababu ni hii: programu iliyoandikwa kabla watu hawajafikiria skrini zenye pikseli nyingi haijui kujikuza. Tangu Windows Vista, mfumo unaiambia programu kama hiyo kwamba iko kwenye pikseli 96 kwa inchi, unaiacha ichore dirisha lake dogo, halafu unavuta picha hiyo mpaka ifike kipimo ulichochagua. Ukungu uleule wa mwanzo unarudi, safari hii ndani ya dirisha moja tu. Bofya kulia aikoni ya programu hiyo, fungua “Propriétés”, kisha “Compatibilité”, kisha kitufe kinachotaja PPP, yaani vidoti kwa inchi kwa Kifaransa. Kwenye orodha utakayoikuta, jaribu kwanza “Système (amélioré)”, ambayo iliongezwa kwenye Windows 10 mwaka 2017 na huchora upya maandishi ya programu nyingi za zamani. Isiposaidia, chagua “Application”: ukungu utaondoka, ila vitufe vinaweza kuwa vidogo. Kila mtu atapima mwenyewe lipi linamfaa.

Hofu moja niiondoe kabisa: karatasi itakayotoka kwenye printa haiguswi na haya yote. Herufi ya pointi 12 inachapishwa pointi 12, hata kama kwenye skrini ilikuwa na ukungu. Hatari iko kwa anayetengeneza picha za pasipoti. Skrini pana ya 1366 kwa 768 ikiwekwa kwenye 1024 kwa 768 na picha ikavutwa ijae, kimo kinabaki kilekile na upana unaongezeka kwa theluthi. Mfanyakazi anaona uso mnene, anaubana kidogo ili ukae sawa machoni, na mteja anaondoka na picha ya uso mwembamba usio wake. Kabla ya kugusa picha ya mtu, hakikisha skrini yako inasema kweli. Chora mraba kwenye programu yoyote na uupime kwa rula pande mbili.

Kuna pia rezolusheni zinazobadilika bila mtu kuzigusa. Projekta ndiyo mshtakiwa wa kwanza. Siku ya kutetea mémoire, au kanisani Jumapili, laptopu inaunganishwa na projekta ya 1024 kwa 768, na Windows ikiwa kwenye “Dupliquer”, yaani picha ileile kwenye skrini zote mbili, inatafuta rezolusheni ambayo vifaa vyote viwili vinaiweza. Skrini yako inashuka ili iwe sawa na projekta. Kwa kawaida hupanda tena waya ukitolewa, lakini isipopanda unaijua sasa njia ya kuirudisha. Ukitumia “Étendre”, yaani projekta kuwa skrini ya pili ya ziada, inayopatikana kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kila skrini inabaki na rezolusheni yake.

Mshtakiwa wa pili ni draiva ya kadi ya picha, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo. Windows ikiwekwa upya bila draiva hiyo, inatumia draiva ya msingi yenye rezolusheni chache, na ile sahihi inaweza isiwemo hata kwenye orodha. Hapo usihangaike na asilimia. Pata draiva kutoka tovuti ya kiwanda kilichotengeneza mashini, kwa kufuata jina lake kamili lililo chini ya laptopu.

Wa tatu ni waya wa VGA, ule wenye pini 15, na huyu anawasumbua mafundi kuliko wote. Skrini hujitambulisha kwa kompyuta kwa kutuma maelezo mafupi ya baiti 128, yanayotaja rezolusheni zake. Kwenye VGA maelezo hayo hupitia pini namba 12 na 15. Moja ikipinda au kukatika, picha bado inapita vizuri, ila kompyuta haijui tena imeunganishwa na nini, na inakupa 1024 kwa 768. Badilisha waya kabla ya kufungua mfuko. Na kama rezolusheni ni sahihi lakini picha ya VGA bado inatetemeka au ina ukungu, bonyeza kitufe cha “Auto” kwenye skrini yenyewe: VGA hutuma mawimbi yasiyo na mipaka ya pikseli, na skrini inalazimika kukisia kila pikseli inaanzia wapi.

Ukichagua rezolusheni isiyowezekana na skrini ikawa nyeusi, toa mikono kwenye kibodi. Windows inasubiri sekunde 15, na isipopata jibu inarudi ilikokuwa. Kubonyeza Enter kwa wasiwasi kunaweza kuwa sawa na kukubali. Kama umeshakubali, unganisha skrini nyingine yenye uwezo mkubwa na urekebishe kutoka hapo.

Wanaotumia televisheni kama skrini hukutana na shida ya namna nyingine: kingo za picha zinakatwa na upau wa chini hauonekani. Hiyo ni tabia iliyorithiwa kutoka televisheni za zamani, ambazo zilikuza picha kidogo ili kuficha kingo zisizo nyoofu. Usishushe rezolusheni. Chukua rimoti ya televisheni, tafuta menyu ya umbo la picha, na uchague ile inayoonyesha picha nzima bila kuikuza. Kwenye televisheni nyingine utaikuta imeandikwa 1:1 au “Just Scan”. Pikseli ya kompyuta itakaa juu ya pikseli ya televisheni, na maandishi yatasomeka.