Uthabiti, kuanzia kivukoni Kilindini: dhana potofu na ukweli

Mchumi akisema uchumi ni thabiti, mkaguzi wa meli bandarini Kilindini, Mombasa, akisema chombo ni thabiti, na mwanatakwimu akisema takwimu zake ni thabiti, sisi wasikilizaji hudhani wote watatu wametupa habari moja: mambo yametulia, kalale. Kumbe kila mmoja anajibu swali la aina yake. Ila maswali yao yana shina moja: kitu hiki kikisukumwa, kitarudi au kitaendelea kwenda? Na kimesukumwa na nini, kwa nguvu kiasi gani? Utulivu unaouona kwa macho haujibu hata moja kati ya hayo.

"Chombo kisichorusharusha abiria ndicho salama"

Tuanze baharini, kwa sababu huku hesabu zake ni za zamani na kosa huonekana upesi.

Chombo kikielea wima, nguvu mbili zinakabiliana. Uzito unavuta chini kupitia kitovu cha uzito. Maji yanasukuma juu kupitia kitovu cha ile sehemu iliyozama. Kikilala upande, umbo la sehemu iliyozama hubadilika na msukumo wa maji huhamia upande ulioinama, ukauinua upande huo na kukirudisha chombo wima. Mfaransa Pierre Bouguer aliifafanua hesabu hii mwaka 1746, na nukta aliyoitegemea, pale mstari wa msukumo huo wa maji unapokata mstari wa kati wa chombo, akaiita metasenta. Maadamu kitovu cha uzito kiko chini ya metasenta, chombo kitarudi. Kikipanda juu yake, hata wimbi dogo latosha.

Sasa hapa ndipo wengi hupotea. Umbali kati ya nukta hizo mbili ukiwa mkubwa, chombo hurudi mbio, kwa mishtuko inayowatapisha watu. Ukiwa mdogo, huyumba taratibu, kwa upole, kinakwenda upande huu na kukawia kurudi. Abiria husifu safari. Baharia mzoefu huanza kuitazama shehena.

Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha MV Mtongwe kilipinduka kwenye mlango wa Kilindini, karibu kabisa na nchi kavu, na watu 272 wakafa. Kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi. Watu waliosimama sitahani ni uzito ulio juu, tena ni uzito wenye miguu: wakikimbilia upande mmoja, kitovu cha uzito kinakimbia nao. Ndiyo maana idadi ya abiria iliyoandikwa ubavuni mwa feri si suala la nafasi ya kusimama tu. Watu husema "bado pana nafasi" na wako sawa kuhusu nafasi.

Kuna jambo la pili ambalo macho hayalioni: maji yaliyoingia ndani. Hayahitaji kuwa mengi kiasi cha kuzamisha chombo kwa uzito wake. Yakisambaa kwenye sitaha pana isiyogawanywa, kila chombo kinapoinama nayo hutiririkia upande huohuo na kuuongezea mwinamo. Feri ya Uingereza Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge tarehe 6 Machi 1987 milango ya mbele ikiwa wazi. Maji yakaingia sitaha ya magari, ikalala ubavu muda mfupi baada ya kutoka bandarini. Walikufa watu 193.

Na jaribio la kuupima uthabiti halihitaji mitambo mikubwa. Huko Stockholm mwaka 1628, kabla manowari Vasa haijasafiri, mabaharia 30 waliambiwa wakimbie pamoja kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Meli ikayumba vibaya hata jaribio likakatizwa. Jibu lilikuwa limepatikana. Ilisafirishwa hivyo hivyo, na baada ya mita kama 1,300 ilizama. Kwangu mimi hicho ndicho kisa bora zaidi katika somo hili lote: walisukuma, wakaona, wakaendelea.

"Siri ni uzito kukaa chini"

Kwa jahazi, ndiyo: farumi (uzito wa kukituliza chombo) na shehena nzito huwekwa chini. Lakini ngalawa haina farumi. Inasimama kwa ndubi zake mbili zilizotandazwa kando, yaani kwa upana. Uthabiti wa upana una tabia moja ya ajabu: chombo kipana sana kikishapinduka, huwa thabiti vilevile miguu juu. Kinakataa kugeuzwa. Mtu aliyewahi kuhangaika kuigeuza katamarani (mashua pacha zilizounganishwa) iliyopinduka hatadhani tena kwamba uthabiti ni sifa njema kila mahali.

"Bei isiyosogea ni bei thabiti"

Redio ikitangaza kwamba mfumuko wa bei umeshuka, mnunuzi hufika Marikiti na tumaini. "Mama, mbona nyanya hazijashuka?" Atajibiwa: "Mwanangu, wamesema hazipandi mbio. Hawakusema zarudi nyuma."

Muuza nyanya yuko sahihi kuliko wasomaji wengi wa magazeti. Lengo la Benki Kuu ya Kenya ni mfumuko wa asilimia 5 kwa mwaka, na ruhusa ya pointi 2.5 juu au chini. Kwa asilimia 5 kila mwaka, bei huongezeka maradufu katika miaka kama 14. Huo ndio uthabiti wa bei katika lugha ya benki kuu: mwendo unaotabirika, usiokushtua unapopanga kodi au karo. Bei kuganda kabisa hakumo, na bei kushuka nchi nzima kwa muda mrefu huwatia wachumi hofu zaidi.

Thamani ya shilingi nayo huwachanganya watu. Mapema mwaka 2024 dola ilikaribia shilingi 160. Kufikia nusu ya pili ya mwaka huo ikawa karibu 129, ikakaa hapo. Mwagizaji wa magari kutoka Japani anayelipa kwa dola alipumua, na ana haki. Lakini mstari ulionyooka kwenye chati hauwezi peke yake kukuambia kama sarafu imetulia kwa sababu wauzaji na wanunuzi wa dola wanalingana, au kwa sababu kuna mkono unaoishikilia. Ili kujua, itabidi utazame akiba ya fedha za kigeni, madeni yanayoiva, na kinachotokea siku watu wengi wanapotaka dola kwa pamoja.

Thailand iliishi na baht 25 hivi kwa dola kwa zaidi ya miaka 10. Chati yake ilikuwa nzuri kuitazama. Na kwa kuwa kiwango hakikusogea, makampuni yalikopa dola bila kujikinga, yakiamini hatari ya kubadilishia fedha haipo. Tarehe 2 Julai 1997 serikali ikashindwa kuishikilia tena, na kufikia Januari 1998 dola moja ilipita baht 50. Deni la dola lilikuwa lilelile. Kwa baht lilikuwa maradufu.

Mmarekani Hyman Minsky alikuwa amelieleza jambo hili zamani, wakati wachumi wenzake wengi hawakumjali. Hoja yake: miaka mingi ya salama huwafanya wakopaji na wakopeshaji walegeze masharti, kwa hiyo utulivu wenyewe ndio unaojenga msukosuko ujao. Mwaka 2004 Ben Bernanke wa benki kuu ya Marekani alitoa hotuba kuhusu jinsi uchumi wa Marekani ulivyopunguza kupandashuka kwake kwa miongo miwili. Miaka minne baadaye mabenki yakaanguka. Simlaumu kwa takwimu zake. Zilikuwa sahihi kuhusu miaka iliyopita. Zilipima mawimbi, hazikupima shehena.

"Kinachobadilika kila saa hakina uthabiti"

Maji ya Kilindini hayatulii hata nusu saa. Yajaa na kupwa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na wakati wa maji mafu hupungua sana. Hata hivyo, jedwali la maji la mwaka mzima huchapishwa kabla mwaka haujaanza, na nahodha hulitegemea kuingiza meli.

Mwanatakwimu haulizi kama kitu kinasogea. Anauliza kama kanuni za kusogea kwake zinabaki zilezile wakati ukipita: wastani uleule, mtawanyiko uleule, uhusiano uleule kati ya leo na kesho. Maji ya Kilindini yanakaribia sana sharti hilo. (Hayalitimizi kabisa: usawa wa bahari duniani unapanda kwa milimita chache kila mwaka, na jedwali la babu halimfai mjukuu.) Thamani ya sarafu ni kinyume chake. Kutoka jana hadi leo imesogea senti tu, lakini hakuna kiwango kinachoiita irudi. Kila hatua huongezwa juu ya ile ya nyuma. Ukikokotoa wastani wa shilingi kwa dola kwa miaka 30, utapata namba, ila namba hiyo haitabiri chochote.

Kupuuza tofauti hii kumezaa upuuzi mwingi wenye sura ya utafiti. Mwaka 1926 Mwingereza Udny Yule alichukua takwimu za Uingereza za miaka 1866 hadi 1911: sehemu ya ndoa zilizofungwa katika Kanisa la Anglikana, na kiwango cha vifo. Kigawo cha uhusiano kikatoka 0.95, karibu ukamilifu. Ndoa za kanisani hazimwui mtu. Vyote viwili vilikuwa vinashuka miaka ileile, basi. Kila ukionyeshwa mistari miwili inayopanda pamoja kwa miaka mingi, kumbuka kwamba karibu kila kitu kinachopanda kitalingana na kingine kinachopanda.

"Ukirekebisha upesi, mambo hutulia"

Mwokaji wa mikate ya gramu 400 anapima mmoja, umepungua gramu 6. Anaongeza unga gramu 6. Unaofuata umezidi, anapunguza. Anajiona makini. Walter Shewhart, aliyebuni chati za udhibiti mwaka 1924, alitenganisha tofauti zilizo za kawaida ya kazi na zile zenye sababu maalumu, na baadaye W. Edwards Deming akawaonyesha watu kwa majaribio kwamba kuzifukuzia tofauti za kawaida moja moja huongeza varianzi, kipimo cha mtawanyiko, mara mbili. Mwokaji angekaa kimya, mikate yake ingekaribiana zaidi. James Clerk Maxwell alionyesha jambo la ukoo huo mwaka 1868 alipochunguza vidhibiti vya mwendo vya mashine: kirekebishi kibaya huanzisha yumbayumba inayokua badala ya kufa.

Na kazi thabiti si lazima iwe nzuri. Mikate yote ikitoka gramu 380 kila siku bila kukosa, chati itakuwa safi na mteja atakuwa ameibiwa.

"Thabiti maana yake milele"

Kwa muda gani? Bila hilo, sentensi haijakamilika. Metali iitwayo bismuthi-209 ilihesabiwa kuwa haiozi kabisa, yaani atomi zake hazivunjiki, hadi mwaka 2003, watafiti wa Ufaransa walipoikuta ikioza kwa nusu-maisha (muda wa nusu yake kuoza) ya zaidi ya mara bilioni moja ya umri wa ulimwengu. Almasi kwenye kanieneo ya kawaida ingependelea kuwa grafiti, ile kaboni laini ya penseli, ila mabadiliko hayo ni ya polepole mno kumhusu aliyevaa pete.

"Dhoruba ikipita, kila kitu hurudi kilivyokuwa"

Mwanaikolojia C. S. Holling alitenganisha mambo mawili mwaka 1973: kurudi upesi kwenye hali ya kawaida, na kuweza kupokea pigo kubwa bila kuangukia hali nyingine kabisa. Mwamba wetu wa matumbawe wafundisha yote mawili. Mwaka 1998 joto la El Niño lilipausha na kuua matumbawe mengi pwani yote ya Kenya, hata ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyoanzishwa mwaka 1986. Hilo lilikuwa pigo la mara moja. Pigo jingine huja kidogo kidogo: kikande, samaki mlaji wa wale viumbe wa mviringo wenye miiba wanaotuchoma miguu mwambani, akivuliwa hadi kwisha, wenye miiba huongezeka, huuparura na kuumomonyoa mwamba, na kula mwani ambao samaki wengine wangeula. Hali hiyo mpya nayo ni thabiti. Inajishikilia yenyewe.

Ndiyo maana kusimamisha uvuvi kwa msimu mmoja au miwili, kisha kupima na kutangaza kwamba ulinzi haufai, ni kosa la hesabu. Katika hifadhi za pwani yetu, kikande wamehitaji miongo kadhaa bila kuvuliwa ili kurudi kwa wingi wa kutosha kuwapunguza wenye miiba.