Mstari wa malezi ya watoto kwenye fomu ya SNAP

Swali ninaloulizwa kuliko yote hapa Louisville, Kentucky, linahusu jirani. Fulani ana watoto wawili kama mimi, tunafanya kazi ghala moja, mishahara inalingana, milango yetu inatazamana. Mbona kadi yake ya chakula ya SNAP inaingiziwa dola 600 kwa mwezi na yangu haifiki 300? Wengine wanakuja wameshaamua kwamba afisa aliyewahudumia ana roho mbaya. Naomba kuiona barua ya uamuzi, na mara nyingi sihitaji kufika ukurasa wa pili. Kwenye mstari wa gharama za malezi ya watoto pameandikwa sifuri.

Kazi yangu ni kuwasaidia wanaozungumza Kiswahili kuomba misaada ya serikali. Wengi wao ni Wakongo waliokaa miaka kambini Nyarugusu, Nakivale au Kakuma. Kambini mgao ulikuwa unapimwa kwa idadi ya vichwa, basi. Hapa Marekani SNAP, programu ya serikali ya msaada wa chakula ambayo bado tunaiita fudistampu, inapimwa kwa hesabu, na hesabu hiyo inakula tu kile ulichoilisha. Usipotaja gharama, hakuna atakayekukisia.

Hesabu yenyewe iko hivi. Serikali inachukulia kwamba familia inaweza kutumia asilimia 30 ya pato lake kwa chakula, baada ya kutolewa gharama fulani. Inachukua kiwango cha juu kwa ukubwa wa familia yenu, inatoa ile asilimia 30, kinachobaki kinaingia kwenye kadi. Kwa watu wanne, kiwango cha juu kuanzia Oktoba 2025 ni dola 994 kwa mwezi katika majimbo 48, ukiacha Alaska na Hawaii. Kwa hiyo ugomvi wote uko kwenye gharama zinazotolewa kabla ya kufika kwenye asilimia 30.

Tuchukue familia ya mfano: baba, mama, watoto wawili wadogo. Mishahara yao kabla ya makato ni dola 3,200 kwa mwezi. Kwanza inatolewa asilimia 20 ya mshahara, yaani 640, zinabaki 2,560. Kisha linatolewa punguzo ambalo kila familia ya watu wanne hupewa, dola 223, zinabaki 2,337. Haya mawili afisa anayafanya mwenyewe. Kama waombaji hawakutaja kitu kingine chochote, asilimia 30 ya hiyo 2,337 ni kama 702, na kadi yao itaingiziwa 292.

Sasa waseme kwamba wanalipa nyumba. Pango na umeme jumla ni 1,600. Sheria inatazama kiasi kinachozidi nusu ya pato lililobaki: nusu ya 2,337 ni 1,168 na senti 50, kwa hiyo ziada ni 431 na senti 50. Inatolewa. Zinabaki 1,905 na senti 50, na kadi inapanda hadi 422.

Halafu waseme pia kwamba wanamlipa mama wa jengo la pili dola 400 kwa mwezi anapokaa na watoto wakati wote wawili wako zamu. Hizo 400 zinatolewa kwenye 2,337, zinabaki 1,937. Hapa ndipo penye utamu ambao hata maafisa wengine hawauelezi: kwa kuwa pato limeshuka, nusu yake nayo imeshuka, kwa hiyo ziada ya nyumba inakua yenyewe, kutoka 431 hadi 631. Pato la mwisho ni 1,305 na senti 50, na kadi inasoma 602. Familia ileile, mshahara uleule. Dola 400 za malezi zimeleta dola 180 za chakula, senti 45 kwa kila dola. Ziada ya nyumba ina kikomo chake, 744 kuanzia Oktoba 2025, kwa hiyo anayelipa pango kubwa sana hatapata zote 45, atapata 30. Bado si haba.

Mbona basi mstari huo unaachwa wazi? Kwa sababu tunayemlipa si kituo chenye bango mlangoni. Ni mama tunayesali naye, au shemeji, au bibi wa jirani, na ukimwuliza mzazi atakwambia, "Hapana, mimi silipi, huwa namsaidia tu." Kumsaidia kwenyewe ni dola 100 kila Ijumaa, mkononi, bila kukosa. Mwombaji anaona aibu kuiita malipo, na fomu inauliza malipo.

Sheria haidai kituo chenye leseni. Inataka vitu vichache. Mtoto awe chini ya miaka 18. Malezi yawe ndiyo yanayokuwezesha kufanya kazi, kutafuta kazi au kusomea kazi. Na anayelipwa asiwe mtu wa kaya yako kwenye kesi hiyo, yaani faili la ombi lenu. Shangazi anayeishi mtaa wa pili anakubalika. Bibi mnayeishi naye na aliyeandikwa kwenye kesi yenu hakubaliki, hata ukimpa kila shilingi uliyo nayo. Nauli ya kumpeleka mtoto kwa mlezi na kumrudisha nayo inahesabika, jambo ambalo sijawahi kumkuta mtu aliyelijua. Na tangu mabadiliko ya sheria ya 2008 hakuna kikomo. Kabla ya hapo kilikuwa dola 200 kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili na 175 kwa mkubwa wake, na bado nakutana na watu wanaorudia namba hizo kana kwamba ni za leo.

Malipo yawe pesa. Kumpa mlezi gunia la unga wa muhogo hakuhesabiki, na kama unga wenyewe umenunuliwa kwa kadi, hilo ni kosa: chakula cha kadi ni cha walioandikwa kwenye kesi, hakilipii huduma. Nimesema hivi kanisani mara nyingi na kila mara kuna anayeinamisha kichwa.

Kwa ushahidi, barua fupi ya mlezi kwa kawaida inatosha: jina lake, simu, majina ya watoto, siku anazokaa nao, kiasi anacholipwa, tarehe na sahihi. Na hapo ndipo kesi nyingi zinapokwama, kwa sababu mlezi hataki kutia sahihi. Naye ana kadi yake, anaogopa kwamba pesa hizo zikionekana atapunguziwa. Hofu yake ina msingi. Ni kipato, na anatakiwa kukitaja. Lakini kinahesabiwa kama cha mtu aliyejiajiri, maana yake anaruhusiwa kutoa gharama za kazi, ikiwemo chakula anachowapa watoto wa watu, kabla ya kitu kingine. Nikiwakalisha wote wawili mezani na kuwapigia hesabu pande zote mbili, mara nyingi anachopungukiwa mlezi ni kidogo kuliko alivyodhani. Simlazimishi mtu. Ila namwambia mzazi asiandike kiasi ambacho mlezi hayuko tayari kukithibitisha, kwa sababu afisa akimpigia simu naye akakana, kesi ya wote wawili inaharibika.

Kabla hujaanza kukusanya barua, lakini, omba kwanza msaada wa malezi wenyewe. Pesa zake zinatoka serikali kuu, majimbo ndiyo yanayouendesha. Kentucky unaitwa CCAP. Unalipia malezi ya mtoto aliye chini ya miaka 13 wazazi wakiwa kazini au masomoni, na familia inachangia sehemu yake. Tangu sheria ya 2014 ukikubaliwa unakaa nao walau miezi 12, hata mshahara ukipanda kidogo katikati, ilimradi usivuke asilimia 85 ya pato la kati la jimbo. Yule mama wa jengo la pili anaweza kuandikishwa alipwe na jimbo, akikubali kuchunguzwa rekodi yake na kupata mafunzo. Ukipata CCAP, kwenye SNAP utataja tu kile unachochangia kutoka mfukoni, na kadi yako huenda ikashuka. Watu wanaona hapo wamepoteza. Piga hesabu: dola uliyolipiwa ni dola nzima, dola uliyoitaja kwenye SNAP inakuletea senti 45. Tatizo la kweli la CCAP ni pesa za bajeti, na majimbo mengi yana foleni ndefu. Mwaka 2022 Kentucky iliamua kwamba wafanyakazi wa vituo vya watoto nao wastahili bila kutazamwa kipato, na majimbo mengine yakaiga. Nawajua akina mama walioacha zamu za usiku ghalani kwa sababu hiyo tu, na kwa maoni yangu ni moja ya hatua chache za busara nilizoziona katika kazi hii.

Swali jingine linalowaangusha watu ni lile la nani ananunua na kupika pamoja na nani. Mume na mke wako kwenye kesi moja, na mtoto aliye chini ya miaka 22 anayeishi na wazazi wake yuko nao hata kama anajipikia. Lakini mpwa wa miaka 25 anayelala sebuleni na kujinunulia chakula chake ni kaya yake mwenyewe. Kwetu, mtu akiulizwa kama anakula pamoja na mpwa wake atasema ndiyo, maana kusema hapana ni kumtukana mpwa. Hapo mshahara wa mpwa unaingizwa wote kwenye hesabu yako. Jibu ukweli, ila ujue kinachoulizwa: pesa ya chakula inatoka mfuko mmoja au miwili?

Karatasi za mshahara nazo zitazame. Ukilipwa kila wiki, wastani wako unazidishwa kwa takriban 4.3, kila wiki mbili, kwa takriban 2.15. Ukipeleka karatasi za Desemba zilizojaa saa za ziada, utahesabiwa kana kwamba Desemba ni mwaka mzima. Mwambie afisa kwamba saa hizo zimekwisha, na mwajiri aandike hivyo. Deni la gari halitolewi, wala deni la tiketi ya ndege iliyokuleta, lile la shirika la uhamiaji IOM, hata ulie.

Yote haya yanamhusu aliyeruhusiwa kuomba, na orodha hiyo imebanwa. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa kwenye SNAP wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao hawajapata green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Akiipata, aliyeingia kama mkimbizi hasubiri ile miaka mitano wanayosubiri wahamiaji wengine. Na watoto waliozaliwa hapa ni raia: mzazi asiyestahili anaweza kuwaombea wao, ingawa mshahara wake utatazamwa. Wakimbizi wasiogope kwamba misaada itawanyima green card, kwani sheria imewaweka nje ya kipimo cha kama mtu atakuwa mzigo kwa serikali. WIC, programu nyingine ya chakula, ya wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka mitano, haikuguswa na mabadiliko hayo na haiulizi hati za uhamiaji. Familia kadhaa zilizokatiwa SNAP nilikuta hazijawahi hata kuiomba, zikidhani ni kadi ileile.

Ukishaelewa mstari wako ulikuwa sifuri kimakosa, usingoje mwaka wa kesi uishe. Gharama mpya unaweza kuitaja siku yoyote, kwa simu au ofisini, na una haki ya mkalimani wa Kiswahili bila malipo; mtoto wako wa darasa la nne asifanywe mkalimani wa mambo haya. Ukishaleta ushahidi, nyongeza kwa kawaida huonekana mwezi unaofuata. Wakikataa na unaona wamekosea, una siku 90 za kuomba kesi isikilizwe upya. Lakini kwa ile miezi ambayo hukuitaja gharama hiyo kabisa, hakuna malipo ya nyuma, na hapo hata mimi sina la kukusaidia.