Je, wajua kwa nini bosi ndiye hutakiwa kuonyesha kwamba hakubagua?

Kila mwaka Kusi ikianza kuvuma na masika yakikaribia, hoteli za Malindi hupunguza watu. Wageni wameondoka, kila mtu anaelewa. Na kwa kuwa kila mtu anaelewa, sababu hiyo ni rahisi kujifichia. Tuseme dada wa mapokezi ana mimba ya miezi mitano. Anaitwa ofisini, anaambiwa: "Msimu umekwisha, dada, tutakuita." Wiki mbili baadaye anapita barabarani na kumwona mtu mgeni amekalia kiti chake.

Atathibitishaje kwamba ni kwa ajili ya mimba? Kwa kawaida mahakamani anayedai ndiye athibitishe. Lakini kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kinachokataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ulemavu, ujauzito, virusi vya Ukimwi na mengineyo, kinamtwika mwajiri mzigo wa kuonyesha kwamba ubaguzi haukutokea.

Nami naona ni haki kabisa, kwa sababu ya makaratasi. Nani anaweka orodha ya mishahara, ratiba ya zamu na majina ya walioachishwa? Si yule dada. Yeye ana simu yake na siku anazozikumbuka. Kumtaka athibitishe kilichokuwa moyoni mwa meneja ni kumfungia mlango. Mwajiri aliyepunguza watu kwa haki hana tabu: atoe orodha, aeleze alichagua vipi wa kubaki na wa kwenda, aonyeshe notisi ya mwezi mmoja aliyompa mfanyakazi na nakala iliyokwenda kwa afisa wa kazi.

Hata hivyo mlalamishi hafiki mahakamani mikono mitupu. Mahakama ya Rufaa imeshasema ni lazima kwanza aweke msingi, yaani mambo yanayoonyesha hapa pana jambo: tarehe, maneno aliyoambiwa, nani aliingia nafasi yake na lini. Wengi hukwama kwenye ujumbe wa simu. Ule wa WhatsApp uliochapishwa huhitaji cheti kinachoeleza umetoka simu ipi na umechapishwa vipi; bila hicho upande wa pili utaupinga. Kwa hiyo usiufute, na simu ile usiiuze.

Kesi hupelekwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Malindi. Aliyekuwa akilipwa mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi anaweza kwenda kwa hakimu aliyeidhinishwa kusikiliza kesi za kazi.

Muda wa kufungua kesi ni miaka 3, na hapa ndipo ninapowaonea watu huruma zaidi. Wanangoja Kaskazi irudi waitwe, inapita, wanangoja nyingine. Miaka hiyo inahesabiwa tangu alipoachishwa kazi, na ile ahadi ya "tutakuita" haisimamishi hesabu.